UZI: Un Jardin sur le Nil ya Hermès – embe bichi, yungiyungi, na inavyokwenda ngozini kwenye joto letu

Kijani Kibichi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za pafyumu humu ziko nyingi, ila karibu zote zinauliza maswali mawili tu: ipi inadumu, na ipi nikipita watu wanageuka. Udi, ambari, vanila, basi. Leo naleta kitu cha upande wa pili kabisa: marashi mepesi, ya kijani, yenye ua kwa mbali. Nimechagua Un Jardin sur le Nil, yaani "bustani juu ya Mto Nile", ya Hermès, ile nyumba ya mitindo ya Ufaransa, kwa sababu naivaa na naijua, halafu kiini chake ni kitu ambacho mtoto yeyote aliyekulia Pwani amekila na chumvi na pilipili, yaani embe bichi.

Hoja yangu naiweka mapema, anayetaka kubisha abishe. Pafyumu ya namna hii ukiipima kwa saa inazokaa utaionea. Raha yake iko kwenye kubadilika, na ngozi yenye joto la Dar au Mombasa inayaonyesha mabadiliko hayo kuliko ngozi ya mtu aliyejifunika koti Paris mwezi wa pili.

Historia kidogo. Aliyeitunga ni Jean-Claude Ellena, mzaliwa wa Grasse, ule mji wa kusini mwa Ufaransa ambao umeishi kwa manukato kwa karne kadhaa. Mwaka 2003 aliwatungia Hermès Un Jardin en Méditerranée, yenye jani la mtini, na mwaka 2004 wakamchukua moja kwa moja awe mtungaji wao wa ndani. Hii ya Nile ikatoka 2005. Kutafuta wazo walikwenda Aswan, kusini mwa Misri. Mtu akikwambia marashi ya Misri, kichwani inakuja asumini, viungo vya sokoni, moshi wa ubani. Mzee Ellena akarudi na maembe mabichi aliyoyakuta yakining'inia mitini kwenye visiwa vya mto. Ubani haukosekani, ila umepewa kiti cha nyuma.

Na mjue hakuna embe lililokamuliwa humo. Ganda la chungwa au ndimu ukilibana linatoa mafuta yake, lakini matunda mengi hayana ukarimu huo. Mtungaji analijenga embe kwa malighafi nyingine mpaka pua ikubali. Yungiyungi nalo ni hivyohivyo. Hermès wanataja embe bichi, yungiyungi, ubani, matete na mti wa mkuyu. Wanusaji wengi huongeza balungi, jani la nyanya na karoti, na mimi nakubaliana nao.

Sasa tuje ngozini, ndiyo sababu ya uzi.

Ukipuliza tu, kinachokupokea ni balungi, uchungu wa lile ganda jeupe la ndani kuliko juisi. Huo unapita haraka sana. Kisha embe linaingia. Asije mtu akategemea dodo lililoiva au juisi ya boksi, hakuna sukari hapo. Kumbukeni unavyochuma embe changa ukavunja kikonyo, utomvu ukaruka, ukakurukia mkononi. Ule mnuso wa kwanza ni mkali, wa kijani, unakaribia tapentaini, na nyuma yake kuna uchachu unaojaza mate mdomoni. Utomvu huohuo unaobabua midomo umejaa terpini, jamii ileile ya kemikali zilizo kwenye maganda ya machungwa na utomvu wa misonobari. Ndiyo maana balungi na embe bichi vinaungana pale mwanzo bila mshono kuonekana.

Baada ya kama robo saa uchachu unalegea na majani yanatokea. Mimi hapa nasikia bua la mnyanya, ile harufu inayobaki vidoleni ukishapogolea. Chini yake kuna karoti mbichi, utamu wenye udongo kidogo. Wapo wanaoichukia hatua hii, wanasema inanuka kachumbari. Sibishani nao. Mimi naipenda kuliko zote, na nikiwa na haraka ya kutoka nyumbani huwa najipulizia mapema ili nifike nayo barabarani.

Kisha maji. Sijui niseme vipi vizuri zaidi: uzito wote unaondoka na kinabaki kitu chepesi, chenye ua, lakini ua lililo mbali nawe. Ukiweka pua mkononi halipo. Ukiuacha mkono mezani ukaendelea na kazi, linapita. Hilo ndilo yungiyungi lao. Kama unatafuta ua la harusi, asumini ya kujaza chumba, hapa hutalipata.

Mwisho kabisa ni mti mkavu, ubani kiduchu na miski safi, karibu na ngozi, mpaka mtu akuegemee ndiyo apate. Mkuyu wenyewe siwezi kuapa kwamba nautambua, ila ukavu wa mbao upo.

Nakaribisha michango. Wenye kuivaa semeni kwenu inakwendaje.

---

Siti ya Dirishani

Nimewahi siti ya mbele kabisa. Endelea mleta uzi, maji na karanga ninazo.

---

Mzee Risasi

Dada Kijani umeandika vizuri, lakini ngoja niulize kama mwanaume mwenye bajeti. Bei ya Hermès naijua. Kwa hela hiyo naambiwa kitu kinakata kabla ya chakula cha mchana, na tena "mtu akuegemee ndiyo apate"? Nani ataniegemea mimi ofisini? Natoa hela, nataka nikiingia lifti ijulikane nimeingia.

---

Kijani Kibichi

Mzee Risasi, shikamoo. Udi wako siugusi, vaa kwa raha zako, lakini wale wa ndani ya lifti nao uwaonee huruma.

Kuhusu kukata: hii ni o de tualeti, mafuta ya kunukia ni machache kuliko kwenye o de pafyumu, na imetungwa iwe nyepesi makusudi. Ellena anajulikana kwa fomula fupi. Wengine hurundika malighafi kwa mamia, yeye anaondoa mpaka kibaki kinachohitajika. Kwa hiyo wepesi unaoulalamikia ndio kazi yenyewe aliyolipwa kuifanya. Kama mizani yako ni lifti, bora ununue kitu kingine na hakuna ugomvi.

Ila lipo jambo watu hawalihesabu. Saa sita mchana Kariakoo, jua la Januari, umebanwa kwenye mwendokasi, ile pafyumu nzito ya vanila uliyovaa asubuhi inageuka adhabu, kwako na kwa jirani. Hii ya kijani haijawahi kunifanyia hivyo. Jasho likija inalegea tu na kuondoka kistaarabu.

---

Mwalimu wa Maabara

Nachangia kwa upande wa kemia maana nafundisha watoto huku Njombe.

Mleta uzi kaeleza hatua, mimi nieleze kwa nini ziko kwa mpangilio huo. Kwa kawaida molekuli ndogo huruka kwanza, kubwa hubaki. Limonini ya maganda ya machungwa na balungi ina uzito wa molekuli kama 136. Harufu ya majani yaliyokatwa inabebwa sana na heksenoli, ambayo ni ndogo zaidi, kama 100. Katikati kuna vitu kama hedioni, 226, ile inayotoa hisia ya asumini yenye hewa ndani. Ilipata umaarufu kwenye Eau Sauvage ya Dior, kazi ya Edmond Roudnitska ya mwaka 1966, na toka hapo imeingia kwenye pafyumu zisizohesabika. Miski za kisasa kama galaksolaidi zinafika 258. Natoa hizi kama mifano ya uzito tu, fomula ya Hermès ni siri yao. Uzito peke yake hauamui kila kitu, lakini kwa kuanzia unatosha.

Sasa joto. Ngozi ikiwa ya moto, foleni yote inakwenda mbio. Hapa Njombe asubuhi tunavaa sweta, na embe lile la mleta uzi linakaa na mimi kipindi cha kwanza chote, na cha pili linakuwepo bado. Nikishuka Dar kumsalimia dada yangu, linaisha tukiwa bado Ubungo. Chupa ni ileile na mkono ni uleule.

Halafu Mzee Risasi, usiseme imekata kabla hujamuuliza mtu mwingine. Pua huizoea harufu inayokaa nayo na kuacha kuiripoti. Na kwenye miski kuna la zaidi: watu wengi tu hawazinusi baadhi ya zile molekuli kubwa, pua zao hazina habari nazo kabisa. Mtu anasema "baada ya saa mbili imekwisha" huku mke wake anaisikia shingoni mpaka usiku.

---

Mzee Risasi

Mwalimu, hilo la pua kutoripoti nimelielewa. Nitamuuliza mama watoto.

---

Kijana wa Kibokoni

Hamjambo nyote. Mimi nawasoma kutoka Mombasa.

Nasikia watu wasema harufu ya kijani ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Mamangu akifunga kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, asumini haikai peke yake, lazima atie rihani, na mkadi ukipatikana. Ile rihani ndiyo kijani chenyewe. Bila yake asumini humwelemea mtu kichwani, hasa ikishapata joto la kifua. Wazee wetu walijua ua linataka jani.

Kuhusu hii ya Nile, mimi huipuliza kwenye leso yangu ya mfukoni pamoja na ngozi. Kwenye pamba ule ukali wa embe hukaa muda mrefu, maana kitambaa hakina joto la mwili. Lakini leso haibadiliki sana, yabaki palepale. Ukitaka kuona safari nzima, ngozi.

---

Kijani Kibichi

Kijana wa Kibokoni umenifurahisha. Hilo la rihani kulitunza ua lisielemee, nakubali moja kwa moja. Na la kitambaa ni kweli, ila nguo nyeupe za hariri msijaribu, pafyumu nyingine huacha doa.

---

Bi Chetezo

Assalaam alaykum wanangu. Mimi nipo Muscat miaka mingi sasa, asili yangu Unguja.

Huku kwetu mtu hatoki bila kujifukiza, na mimi udi siuachi. Ila nawaambia kwa uzoefu: hii ya embe usiichanganye na bukhuri. Nguo ikishanywa moshi wa udi, yule embe hasikiki tena, unabakiwa na uchungu tu usiojulikana umetoka wapi. Mimi nimezigawa. Asubuhi baada ya kukoga navaa hii peke yake na nguo iliyofuliwa, haijakaribia chetezo. Jioni wageni wakija, udi.

Na jambo jingine, huku tunaishi ndani ya kiyoyozi. Ndani inatulia, utadhani imekwisha. Ukifungua mlango ukakutana na lile joto la nje, inaamka upya ghafla, na inayoamka ni ile hatua ya maji na ua. Binti yangu alikuwa anafikiri nimejipulizia tena garini.

---

Mama Nanasi

Shikamoo Bi Chetezo. Mleta uzi, mimi nina swali la watu wa kipato cha kawaida. Yale mafuta ya kupima, wanakuwekea kwenye kichupa cha roli, wanayo inayoitwa hivyohivyo ya Nile. Nilinunua duka moja mjini, ilinukia embe lililoiva toka mwanzo hadi mwisho, tamu kama pipi. Hiyo ndiyo au nimepigwa?

---

Kijani Kibichi

Marahaba kwa niaba ya Bi Chetezo hahaha.

Mama Nanasi, hiyo siyo. Hata kama aliyechanganya alikuwa na nia njema, mafuta yana shida yake kwa harufu za aina hii. Kwenye chupa ya kupuliza, spiriti inaruka na kuinua harufu za mwanzo pamoja nayo, ndiyo ule mshtuko wa kikonyo cha embe. Mafuta hayaruki. Yanashikilia kila kitu ngozini na kuachia polepole, kwa hiyo udi na miski vinatoka vizuri sana kwenye roli, lakini balungi na utomvu vinazimika. Mchanganyaji akiona embe halisikiki anaongeza utamu, na hapo ndipo unapopata pipi.

Kwa hela ndogo ningeshauri utafute wanaouza orijino kwa kumimina kwenye kichupa kidogo cha kupuliza. Na kipimo changu cha feki ni hiki: ikianza na sukari, mrudishie. Orijino lazima ikuchachushe kidogo. Kama pua yako haijakunja hata mara moja kwenye dakika ya kwanza, kuna kitu hakipo.

---

Mtoto wa Jinja

Mto wenyewe unaanzia kwetu hapa, kwenye ziwa, na hakuna aliyetuuliza. Ya kwetu ingekuwa na harufu ya sangara na moshi.

Swali la kweli: hii ni ya kike au ya kiume? Nimeona chupa, kioo kimetiwa kijani chini kikififia kuelekea juu, ni nzuri, ila naogopa kutaniwa.

---

Kijani Kibichi

Mtoto wa Jinja, moshi wa sangara nao ungepata wateja, usidharau.

Ni ya wote, Hermès wenyewe hawakuitenga, na mfululizo wote wa Jardin uko hivyo. Kwa maoni yangu mwanaume inamkaa vizuri hasa mwisho, pale kwenye mbao kavu. Ua lenyewe halina unga wala poda, hakuna atakayekutania.

---

Dada wa Raskazone

Mimi Mtanga. Nina ngozi kavu sana na kila pafyumu kwangu inakimbia. Kuna dawa? Na kama nikiipenda kijani hii, ipi nyingine nijaribu?

---

Kijani Kibichi

Ngozi kavu haina kitu cha kuishikilia harufu. Ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu kwenye sehemu utakazopuliza, subiri yanywee, ndipo upulize. Na losheni yenye nazi au siagi ya kakao usiitumie siku hiyo, itakuja juu na kulifunika yungiyungi. Usisugue vifundo vya mikono kimoja kwa kingine kama tulivyozoea, kusugua kunapasha joto na kuharakisha mwanzo ambao ndio ulionunulia chupa. Mimi hupuliza ndani ya kiwiko kuliko kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu kifundo tunakinawa kila saa.

Nyingine za kijani, kwa ufupi. Mama yao ni Vent Vert ya Balmain, 1947, ya Germaine Cellier. Ile ilipiga galbanamu bila woga, utomvu wa mmea wa Uajemi wenye harufu ya maganda ya njegere na majani yaliyopondwa, ila imetengenezwa upya mara kadhaa, kwa hiyo ya leo siyo ile. Chanel No. 19 ya Henri Robert ni kijani chenye ukali wa bosi, galbanamu na mzizi wa irisi, siivai nikiwa na furaha. Diorissimo ya Roudnitska, 1956, ni ua zaidi kuliko jani. Kama unataka ndugu wa huyu wa Nile, kabla ya Hermès Ellena aliwatungia Bulgari ile ya chai ya kijani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ina wepesi uleule na uungwana uleule, embe tu ndilo halipo. Na kwenye Jardin zenyewe, ya 2008, Après la Mousson, ya mvua za Kerala kule India, wengi wanaisifu. Mimi naiona ina tikiti kuliko mvua.

---

Mwalimu wa Maabara

Naongeza moja kuhusu kutunza, maana huko Pwani mnaziua chupa wenyewe. Zile harufu za mwanzo ndizo zinazoharibika mapema zikikutana na joto, mwanga na hewa. Chupa ikikaa kwenye dashibodi ya gari au dirishani, balungi litaanza kunuka kitu kilichochacha vibaya, na mtu atalaumu mtengenezaji. Kabatini, gizani, kwenye boksi lake.

---

Siti ya Dirishani

Karanga zimeisha na chupa yangu iko dirishani. Naenda kuihamisha.

---

Bi Chetezo

Mimi naweka kwenye friji, chini, pamoja na ndimu. Wajukuu wameshazoea.

---

Mzee Risasi

Nimerudi. Nimepita duka la uwanja wa ndege, nimepuliza mkono mmoja, sijanunua. Mwanzo ulinishtua kweli, nimekumbuka mwembe wa shule ya msingi na fimbo za mlinzi. Sasa niko nyumbani. Mama watoto kaunusa mkono, kasema nanukia shamba la nyanya, na ananiuliza nilikuwa wapi.

---

Kijani Kibichi

Uko kwenye hatua ya majani, Mzee wangu. Usinawe mkono. Mwache saa moja, kisha mpe aunuse tena, halafu uje utuambie kasemaje.